KIOO KINACHOONGOZA MOTO

Mmewahi kuona bango la plastiki lenye herufi zilizokatwa safi kama kwa wembe? Ni kazi ya leza, na mafundi wa Nairobi wanazo. Mwale wake hauonekani. Hutoka kwenye mrija wa gesi ya kaboni dayoksaidi, ukaongozwa na vioo, aghalabu vitatu, hadi kwenye lenzi inayoukusanya.

Lakini msikimbilie kung'oa kioo cha bwenini! Hicho kina fedha nyuma ya glasi, na glasi humeza mwale huu, ikapata moto na kupasuka. Kioo cha leza hung'aa usoni penyewe: shaba, au silikoni iliyopakwa dhahabu. Hata hivyo nacho humeza kidogo. Tuseme ni asilimia 1. Mwale wa wati 2000 utakiachia wati 20. Ndiyo maana mashine kubwa za viwandani hupitisha maji nyuma ya kioo cha shaba. Lenzi haiwezekani kuipoza hivyo, kwani mwale hupita katikati yake.

Adui mwingine ni vumbi. Chembe moja huungua papo hapo, ikatia kioo kovu. Na kioo kikilegea, mwale hupotoka ukafikia jicho la fundi kabla hajaushuku. Kwa hiyo huzima mashine kwanza, ndipo akafuta vioo.