Pikapu ikizimika mlimani, anza na dizeli
Pikapu ya dizeli inayopandisha vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Karatu ikianza kuzimika kila ifikapo mlimani, wenye magari wengi hukimbilia kununua pampu au nozeli. Hapo ndipo faida ya msimu huishia. Injini inayokwenda vizuri tambarare lakini huzima ikibeba mzigo, mara nyingi inakosa mafuta tu.

Weka jiwe nyuma ya gurudumu, kisha fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa ikivutwa ndani kwa nguvu, na gari likawaka na kwenda, tundu la kupumulia la kifuniko limeziba. Kulizibua hakugharimu kitu. La sivyo, legeza skrubu ya chini ya filta ya dizeli na ukinge kwenye chupa safi. Kama kuna maji, yatatuama chini na dizeli itaelea juu. Mafuta ya kwenye madumu, yanayopendwa kwa unafuu wake, huja na maji na uchafu huo mara nyingi. Badilisha filta, kaza klipu za mipira ya mafuta, halafu toa upepo kwa pampu ya mkono mpaka mapovu yaishe.

Ikiendelea kuzimika, sasa mwite fundi wa pampu. Mweleze ulichokwisha kukagua, asije akakutoza kwa kazi hiyo hiyo.