Kwa Nini Wapimao Bahari Huchota Tope

Baadhi ya wanachama wametuuliza kwa nini watu wapimao uchafu wa pwani huyaacha maji wakachota tope la chini. Twajibu kwa ufupi.

Maji hupwa na kujaa. Yaliyokuwapo asubuhi, jioni hayapo. Tope hubaki. Chembe zake laini hushika sumu kama risasi na zebaki zaidi ya mchanga, kwa hiyo tope hulinganishwa na tope. Wala hawachoti juu tu, bali huzamisha bomba wakalitoa na matabaka yake, la juu jipya, la chini la zamani. Mkaguzi wa karafuu naye hatazami mdomo wa gunia tu, na waliopata kuficha makonyo chini wanajua sababu.

Huko Minamata, Japani, kiwanda kilimwaga zebaki baharini tangu 1932 hata 1968. Iliingia katika samaki, na watu wakawala. Mwaka 1956 maradhi yalitambuliwa rasmi: mikono kutetemeka, macho kufifia, watoto kuzaliwa na vilema. Kiwanda kilipoacha, zebaki ilikuwa ingali imelala topeni. Ghuba ikapimwa, na palipozidi sehemu 25 katika milioni tope likachimbwa au likafukiwa. Kazi ilianza 1977 ikesha 1990. Hekta 58 za bahari zikawa nchi kavu. Samaki walitangazwa salama mwaka 1997.

Wakija wapimaji katika mikoko yetu, msiwazuie. Waulizeni wamechota wapi, kina gani, na majibu tutasomewa lini.