Bata akijeruhiwa na mnyama mwindaji, saa za kwanza ndizo huamua

BATA aliyenusurika meno ya mbwa au makucha ya kicheche huwahadaa wafugaji wengi. Punde tu anapookolewa, husimama, hujikung'uta manyoya na kurejea miongoni mwa wenzake kana kwamba hakuna lililompata. Mwenyewe hushukuru na kurudi kulala. Siku mbili au tatu baadaye, ndege huyo hupatikana amekufa pembeni mwa banda, na kifo chake husingiziwa ugonjwa.

Tabia hiyo ni ya kimaumbile. Ndege anayewindwa hujitahidi kuficha udhaifu, kwani adui humwandama kwanza yule anayechechemea. Kwa hivyo, kusimama kwa bata si thibitisho kwamba yu salama. Aghalabu kinachomuua si kung'atwa kwenyewe, bali mambo matatu yanayofuata: mshtuko, kuvuja damu na uchafu ambao meno huuacha chini ya ngozi. Mfugaji anayeyajua hayo anaweza kuanza kuyakabili nyumbani.

Bata yumo hatarini kuliko kuku kwa sababu mara nyingi hulala ardhini. Jike anayeatamia ndiye huponzwa zaidi, kwa kuwa hupenda kutaga kichakani na huwa mzito kuyaacha mayai yake. Mayai ya bata wengi huanguliwa baada ya siku 28, na ya bata wa aina ya Muscovy, wanaofugwa sana vijijini, huchukua takriban siku 35. Huo ni muda mrefu wa kukaa mahali pamoja huku fungo, kanu, nguchiro na mbwa wa kuzurura wakipita.

Joto na utulivu

Jambo la kwanza ni kuzuia damu. Kitambaa safi kikandamizwe juu ya jeraha kwa dakika kadhaa bila kufunuliwa kila mara. Mfugaji avae glavu, au anawe mikono kwa sabuni kabla na baada ya kumshika ndege. Asimbane kifua anapomshika. Bata hupumua kwa kuinua na kushusha mfupa wa kifua, na akibanwa sana hukosa pumzi hata kama pua na mdomo viko wazi.

Kisha awekwe ndani ya sanduku au kikapu kilichotandikwa kitambaa, mahali penye giza kiasi, pasipo kelele za watoto, mbwa au redio. Joto la kawaida la mwili wa bata ni takriban nyuzi 41 hadi 42 za Selsiasi, na mshtuko hulishusha. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo na kuwekwa upande mmoja wa sanduku hutosha, almuradi ndege awe na nafasi ya kusogea mbali akihisi joto limezidi.

Majeraha yaliyofichika

Bata akishatulia, atafutwe majeraha. Manyoya yake ni mazito na huficha matundu ya meno. Mfugaji ayapanguse kwa vidole taratibu, hasa mgongoni, shingoni, chini ya mabawa na karibu na mkia. Tundu dogo lisipuuzwe. Jino la mbwa au paka huingia ndani sana na ngozi hujifunga juu yake, hali viini vikibaki chini. Mate ya paka, mathalan, mara nyingi hubeba bakteria aitwaye Pasteurella multocida, ambaye ndiye husababisha kipindupindu cha ndege.

Jeraha lioshwe kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yaliyotiwa gramu 9 za chumvi kwa kila lita, yaani takriban kijiko kidogo kimoja na nusu. Maji hayo yamiminwe kwa wingi hadi uchafu utoke. Baadaye iodini ya kuoshea vidonda, iliyozimuliwa hadi ikafanana na chai hafifu isiyo na maziwa, yaweza kupakwa. Spiriti, mafuta ya taa, oili chafu ya gari na majivu visitumiwe, kwani huunguza nyama changa inayojaribu kuota au huongeza uchafu.

Kidonda kikaguliwe asubuhi na jioni. Nzi hutaga mayai kwenye kidonda kibichi, na mabuu yaweza kuanguliwa kabla ya siku moja kupita. Hivyo mgonjwa akae mahali pasipofikiwa na nzi, na matandiko yabadilishwe kila siku.

Maji na chakula

Bata huhitaji maji ili kumeza chakula na kusafisha matundu ya pua, kwa hivyo awekewe chombo kinachotosha kuzamisha mdomo wake. Hata hivyo, asiruhusiwe kuogelea hadi vidonda vifunge. Asinyweshwe kwa nguvu. Tundu la koo la hewa liko nyuma ya ulimi, na maji yanayomiminwa mdomoni huishia mapafuni.

Chakula chake cha kawaida kilichololweshwa humtosha, pamoja na mboga za majani zilizokatwakatwa. Inafaa pia asikie sauti za wenzake, kwani bata ni ndege wa kundi na upweke humfanya asusie chakula. Akianza kula na kujitengeneza manyoya kwa mdomo, hiyo ni dalili njema.

Wakati wa kumwita daktari

Yapo majeraha yasiyo ya kutibiwa nyumbani: mfupa uliovunjika, ngozi iliyochanika pakubwa, jeraha la tumbo au la jicho, harufu mbaya, kupumua kwa shida, na ngozi inayovimba kama puto kwa sababu mifuko ya hewa iliyomo mwilini imetoboka. Hapo aitwe daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Yeye ndiye aamue kuhusu antibiotiki na dawa za maumivu, wala mgonjwa asipewe vidonge vya binadamu kwa kukisia. Mfugaji aulize pia ni siku ngapi mayai na nyama visiliwe baada ya dawa. Ikiwa daktari ataona hakuna tumaini, kumwondolea ndege mateso kwa haraka ni huruma pia.

Endapo mtu ameng'atwa au kukwaruzwa na mnyama mshambuliaji, aoshe jeraha kwa sabuni na maji tiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa.

Adui hurudi

Mnyama aliyeonja bata mara nyingi hurejea. Kabla ya usiku kuingia, banda lizibwe kwa wavu wa nyaya ngumu wenye matundu ya nusu inchi, na ukingo wake ufukiwe ardhini takriban sentimita 30. Waya mwembamba wa kuku huzuia kuku kutoka, lakini mbwa huuchana. Kutega sumu si suluhisho, kwani huua pia mbwa wa jirani na ndege wanaokula mizoga. Isitoshe, sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inalinda wanyama wa mwituni, na wanaosumbua wanafaa kuripotiwa kwa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS.

Bata aliyepona arudishwe majini kidogo kidogo. Akikaa siku nyingi bila kuoga, manyoya yake hupoteza mafuta yanayozuia maji kupenya, naye aweza kulowa na kushikwa na baridi. Dakika chache za jua la mchana kwenye beseni, kila siku, humrejeshea kinga hiyo kabla hajaachiliwa kidimbwini pamoja na wenzake.