Seli ya damu na seli ya polisi: Kwa nini tusikimbilie 'chembe'

Mwalimu mmoja wa sekondari msingi kule Ekerenyo, kaunti ya Nyamira, ameniandikia akitaka nimtatulie utata. Kila anapotaja 'seli' katika kipindi cha Sayansi Jumuishi, wanafunzi huangua kicheko, maana seli wanayoijua wao ni ile ya kituo cha polisi. Basi yeye husema 'chembe'. Anauliza: lipi sahihi?

Ameongeza jambo lililonizuia kuliahirisha swali lake. Mzazi mmoja aliambiwa kliniki kwamba mwanawe ana 'shida ya chembe za damu'. Akarudi nyumbani akidhani kuna uchafu ulioingia damuni, akawa anamchemshia mtoto mitishamba ya kuusafisha.

Tuanze na kicheko. Wanafunzi hawajakosea sana. Mnamo 1665, Mwingereza Robert Hooke alikata kipande chembamba cha gome la mti, akakitazama kwa hadubini. Aliona vijumba vidogo vidogo vilivyopangana, akaviita 'seli' kwa Kiingereza. Jina hilo lina asili ya Kilatini, nalo humaanisha chumba kidogo. Seli ya polisi nayo ni chumba kidogo. Kwa hivyo maneno haya mawili ni ndugu wa tumbo moja, na mwalimu anaweza kukitumia kicheko hicho kufundishia.

Sasa, chembe je? Twasema chembe ya mchanga, chembe ya vumbi, hata 'hana chembe ya haya'. Chembe ni kitu kidogo tu. Neno halitudokezei kwamba ndani mna chochote. Seli ina utando unaoizunguka, na seli nyingi zina kiini kinachoziongoza na sehemu zinazotengeneza nguvu. Ni chumba chenye shughuli. Ndiyo maana vitabu vya Biolojia vimeshikilia 'seli', ingawa magazetini bado twasoma 'chembechembe nyekundu' na 'chembechembe nyeupe'. Si kosa la sarufi hilo, ila maana hufifia, na matokeo yake tumeyaona kwa yule mzazi.

Seli zinazofanana zikishirikiana huunda tishu. Tishu huunda ogani, kama vile moyo au ini. Ogani nazo huunda mfumo, mathalani mfumo wa mmeng'enyo wa chakula au wa upumuaji. Wengine husema 'kiungo' badala ya ogani. Sina ugomvi nao, ila wakumbuke kwamba goti ni kiungo, na bizari pia ni kiungo. 'Mshipa' ndio wenye balaa zaidi: mgonjwa akisema 'mshipa unaniuma', huenda anakusudia mshipa wa damu, neva, au hata ngiri. Daktari hana budi kuuliza tena.

Turudi kwa mtoto yule. Kwa maelezo ya mwalimu, ugonjwa wenyewe ni selimundu, na hapa Kiswahili kimetenda haki. Seli nyekundu ya kawaida ni duara lililobonyea katikati, laini, linalojipinda na kupenya kwenye mishipa myembamba kabisa. Huishi takriban siku 120. Kwa mwenye selimundu, seli hizo hukakamaa na kupinda mfano wa mundu wa kukatia nyasi. Huziba njia ya damu, ndipo mtoto hulia kwa maumivu ya mifupa. Nazo hufa mapema, ndipo damu hupungua. Si uchafu, wala si kitu cha kusafishwa kwa mitishamba. Ni urithi kutoka kwa wazazi wote wawili. Iwapo baba na mama kila mmoja amebeba nusu ya urithi huo bila kuugua, kila mimba ina uwezekano wa 1 kwa 4 wa kupata mtoto mgonjwa.

Anthony Allison, aliyekulia nchini Kenya, alipopima damu za watu humu nchini mwaka wa 1949, alikuta urithi huo umeenea Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, kwenye malaria tele, na ni haba nyanda za juu. Mwaka wa 1954 alichapisha ushahidi kwamba aliyebeba nusu hupata kinga dhidi ya malaria kali. Lakini watu huoana na kuhama, kwa hivyo mwinuko wa Nyamira si hakikisho kwa familia yoyote. Kipimo cha damu ndicho kitakachosema.

Kwa hivyo, mwalimu, sema 'seli' bila wasiwasi. Andika ubaoni seli, kiini, tishu, ogani, mfumo. Kisha uliza darasa damu inaitwaje kwa Ekegusii. Watakujibu 'amanyinga' kwa sauti moja. Anzia hapo, uwapeleke hadi kwenye selimundu. Jina hilo likieleweka shuleni, litafika nyumbani, na mzazi atajua kwamba mtoto anahitaji kliniki, maji ya kunywa ya kutosha na kinga dhidi ya malaria, wala si sufuria ya mitishamba.