Mafuta ya Nanaa Mwitu na Mtoto Mchanga

Leo tunazungumza kuhusu nanaa mwitu, mmea wenye harufu kali unaoota kando ya mito na mahali penye majimaji.

Je, harufu hiyo hutoka wapi? Hutoka kwenye mafuta yaliyo ndani ya majani. Mafuta hayo ni mchanganyiko wa kemikali nyingi, zikiwemo mentoni, sineoli na pulegoni. Aina nyingine zina mentoli, ile inayoleta ubaridi puani. Kiasi cha kila kemikali hutegemea aina ya mmea, mahali ulipoota na wakati ulipovunwa. Kwa hivyo chupa mbili zinazonukia sawa huenda zisiwe na nguvu sawa.

Ni kweli mafuta haya yanaweza kuua vijidudu. Katika maabara, yakiwekwa kwenye sahani yenye bakteria, hupasua ngozi nyembamba inayowazunguka, nao hufa au hushindwa kuongezeka. Lakini, mama, sahani ya maabara si kifua cha mtoto. Mafuta haya hayatibu nimonia.

Tena yana hatari. Mentoli ikipakwa puani mwa mtoto mchanga, koo linaweza kujifunga ghafla akashindwa kupumua. Pulegoni nayo huharibu ini. Mwaka wa 1996, madaktari nchini Marekani walieleza habari za watoto wachanga wawili walionyweshwa chai ya nanaa ya nyumbani yenye kemikali hiyo. Mmoja alifariki.

Basi tufanye nini?

- Usimpake mtoto wa chini ya miaka 2 mafuta ya nanaa, wala usimnyweshe.
- Aliye chini ya miezi 6 apewe maziwa ya mama pekee, hata akiwa na mafua. Mnyonyeshe mara kwa mara.
- Weka chupa ya mafuta mahali watoto hawafiki.
- Akikohoa, hesabu pumzi zake kwa dakika 1 akiwa ametulia. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, 40 au zaidi.

Ukiona hivyo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au ameshindwa kunyonya, mpeleke kituo cha afya mara moja. Usingoje kupambazuke.

Mwambie na jirani yako.