Baada ya upasuaji wa mishipa ya korodani: Je, nguvu za kiume hupotea?

Baadhi ya wanaume hapa kambini hupewa rufaa ya kwenda kufanyiwa upasuaji wa mishipa ya korodani iliyovimba. Ugonjwa huu madaktari huuita varikoseli. Wanaporudi nyumbani huwa na kidonda kidogo kwenye kinena na maswali ambayo wanaona haya kuyauliza. Wengine humkwepa mke kwa miezi. Wengine hukimbilia dawa za sokoni. Makala hii inajibu maswali hayo.

VARIKOSELI NI NINI?
Damu hutoka kwenye korodani na kurudi moyoni kupitia mishipa iitwayo vena. Ndani ya vena mna vilango vinavyozuia damu isirudi chini. Vilango hivyo vikishindwa kufanya kazi, damu hutuama na vena huvimba, mara nyingi upande wa kushoto. Wanaume wapatao 15 katika kila 100 wana hali hii, na wengi hawajui. Wengine huona maumivu au uzito kwenye pumbu, na kwa wengine mbegu za kiume hupungua. Ugonjwa huu si busha, si ngiri, si ugonjwa wa zinaa, wala hauletwi na kurogwa.

JE, UPASUAJI HUONDOA NGUVU ZA KIUME?
Hapana. Daktari hufunga zile vena zilizovimba tu, na damu hupita kwenye vena nyingine zilizo nzima. Korodani haitolewi. Mishipa inayofanya uume usimame haipiti hapo. Mrija wa kupitisha mbegu nao haufungwi, kwa hiyo manii hutoka kama zamani.

MBONA SIKU ZA KWANZA MWILI HAUITIKI?
Maumivu, uchovu na hofu hupunguza hamu kwa mtu yeyote aliyetoka kupasuliwa. Ukiamka asubuhi uume umesimama, au ukiota ndoto na kumwaga, usiogope. Ni dalili kwamba mwili unafanya kazi yake. Pumbu kuvimba kidogo, ngozi kuwa nyeusi kama iliyovilia damu, au ganzi karibu na kidonda ni mambo ya kawaida na hupungua taratibu.

LINI NAWEZA KUKUTANA NA MKE WANGU?
Wengi huruhusiwa baada ya wiki 1 hadi 2, kidonda kikiwa kimefunga na maumivu yameisha. Daktari wako akikuambia usubiri zaidi, fuata maneno yake. Anzeni polepole. Ukisikia maumivu, acha, pumzika siku chache, kisha jaribu tena.

Katika wiki 2 hadi 4 za kwanza usibebe mizigo mizito. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20. Siku ya mgao, omba jamaa au jirani akubebee unga. Usikate kuni, usiendeshe baiskeli. Vaa chupi inayoshikilia korodani vizuri, na weka kidonda katika hali ya usafi na ukavu. Usipake majani wala dawa ya kienyeji juu yake.

TUTAPATA MTOTO LINI?
Mwili huhitaji takriban miezi 3 kutengeneza mbegu mpya. Ndiyo maana kipimo cha manii hurudiwa baada ya miezi 3, si kabla. Wanaume wengi mbegu zao huongezeka, lakini si wote. Wakati huo mke naye apimwe, kwa maana kukosa mtoto kunaweza kutoka kwa mume, kwa mke au kwa wote wawili. Kumlaumu mmoja au kumfukuza mke si tiba.

Kumbuka pia: upasuaji huu si kufunga uzazi, na haukingi UKIMWI wala magonjwa ya zinaa. Kama hamtaki mimba sasa, tumieni uzazi wa mpango. Kondomu huzuia mimba na maambukizo pia.

VIPI DAWA ZA NGUVU ZA SOKONI?
Usizitumie. Baadhi huchanganywa kwa siri na dawa za hospitali zinazoweza kushusha damu kwa ghafla, na ni hatari hasa kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Ikiwa wiki 6 zimepita na uume bado hausimami, njoo kituoni. Inaweza kuwa ni hofu, kisukari, presha au dawa unazotumia, na yote hayo yana msaada.

NJOO KITUO CHA AFYA MARA MOJA UKIONA:
- homa au kutetemeka;
- kidonda kutoa usaha, harufu mbaya au damu isiyokoma;
- pumbu kuvimba zaidi kila siku;
- maumivu makali yasiyotulizwa na dawa ulizopewa;
- kushindwa kukojoa.

Uvimbe ukitokea miezi kadhaa baadaye, njoo pia. Huenda maji yamejikusanya kwenye korodani au vena zimevimba tena, na vyote hutibika.

Baba, mweleze mama yaliyosemwa hospitalini, ili asidhani umemchoka. Mama, usimcheke wala usimharakishe. Mkipenda, njooni wote wawili. Mhudumu atawasikiliza faraghani, na ukitaka kuongea na mhudumu mwanamume, sema tu. Siri yako haitatoka nje ya chumba hicho.