Kuku wa Kanazi wanalipa, ila si kwa hesabu ya karatasi

Ipo hesabu ambayo karibu kila mwenye simu nchini ameshatumiwa. Anza na mitetea kumi na jogoo mmoja. Kila mtetea ataangua vifaranga kumi, nusu yao watakuwa mitetea, nao watataga na kuatamia, na Desemba ikifika una kuku elfu na mkopo umeshalipwa. Kuzidisha kwake hakuna kosa. Kilichosahaulika ni mwewe, kideri na debe la pumba.

Kanazi ni mahali pazuri pa kuipimia hesabu hiyo. Ni kata ya wilaya ya Ngara, kwenye kona ambako mkoa wa Kagera unapakana na Rwanda na Burundi, katika nchi ya vilima, migomba, kahawa na maharage. Kuku ni sehemu ya mji wa mtu huku, kama jembe. Vifaranga vya kisasa na chakula cha mifuko, kwa upande mwingine, husafiri kuja huku kwa basi na lori, na kila kilomita imo kwenye bei. Kwa hiyo anayeuliza kama kuku wa nyumbani wana faida anauliza mambo mawili: kuku wa asili anayejitafutia chakula migombani, na kuku wa banda anayekula cha kununuliwa. Majibu yake hayafanani hata kidogo.

Tuanze na huyu wa banda, maana ndiye anayewavutia watumishi wenye mshahara na vijana wenye mkopo wa halmashauri.

Kuku wa mayai aliyekomaa hula kati ya gramu 110 na 130 kwa siku. Chukua 120, zidisha kwa siku 365, unapata karibu kilo 44. Yaani kila kuku, kwa mwaka mmoja, anakaribia kumaliza peke yake mfuko wa kilo 50. Akiwa wa kisasa na akitunzwa vizuri atakurudishia mayai 250 hadi 300, sawa na trei nane hadi kumi. Biashara yote imo humo. Huna haja ya kuniuliza bei ya sokoni, ambayo hubadilika kila wiki. Jiulize tu mfuko wa chakula uliofika Ngara unanunuliwa kwa trei ngapi za mayai. Kuku mia wanaotaga kwa asilimia 80 hula kilo 12 kwa siku, hivyo mfuko hauvuki sana siku ya nne, na katika siku hizo nne watakuwa wametaga mayai 320, zaidi kidogo ya trei kumi na nusu. Mfuko ukiuzwa kwa thamani ya trei nne au tano, unapumua. Ukifika trei nane, unafanyia kazi muuza chakula.

Na hapo kuku wameshaanza kutaga. Kabla yake zipo wiki 18 hadi 20 za kulea, ambapo kila mmoja hula kilo saba au nane bila kutoa hata yai moja. Kwa kuku mia, hiyo ni mifuko kama kumi na tano, pamoja na mkaa wa kuwapa vifaranga joto. Wiki ya kwanza kifaranga anataka nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa vilima vya Ngara haumpi. Mitaji mingi hufia hapa, wiki ya kumi na mbili au kumi na tano, mwenye banda anapoanza kuchanganya pumba tupu kwa sababu fedha imekwisha. Kuku huanza kutaga kwa kuchelewa na kwa kusuasua, halafu lawama inaangukia mbegu.

Wajuzi watasema: changanya chakula mwenyewe. Ni kweli, na mahindi yapo. Lakini mahindi na pumba ni nguvu tu. Kuku hutaga kwa protini, nayo hutoka kwenye mashudu ya alizeti, soya au dagaa. Mashudu nyumbani kwake ni Singida na Dodoma. Dagaa wanatoka Ziwa Victoria, na njiani wanagombewa na binadamu, ambao hulipa vizuri zaidi kuliko kuku. Mchanganyaji wa Kanazi anaokoa gharama, lakini haiepuki barabara.

Kifaranga naye ana safari yake. Mwaka 2006, kwa hofu ya mafua ya ndege, Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kuku na vifaranga kutoka nje. Katazo hilo halikuwa la maandishi tu: mwaka 2017, mpakani Namanga, serikali iliteketeza kwa moto vifaranga 6,400 vilivyoingizwa kutoka Kenya, na kelele za watetezi wa wanyama zikasikika hadi nje ya Afrika. Kwa mkazi wa mpakani somo ni rahisi, kwamba kifaranga cha bei nafuu cha ng'ambo ya mto kinaweza kukugharimu mtaji mzima. Kwa hiyo unaagiza ndani ya nchi. Kuku wa mbegu ya Sasso wanatotolewa na Silverlands mkoani Iringa; Kuroiler, mbegu iliyozaliwa India na kufika kwetu baada ya kujaribiwa Uganda, wanatotolewa na AKM Glitters ya Dar es Salaam. Kutoka Dar hadi Ngara ni zaidi ya kilomita 1,200. Kifaranga hutoka kwenye yai na akiba ya kiini tumboni inayomtosha siku mbili, tatu akijaliwa. Basi likiharibika njiani, biashara yako imeharibika nalo.

Kuhusu kuku wa nyama sitakaa sana. Hukomaa ndani ya wiki tano akiwa amekula kama kilo tatu, na kuanzia hapo kila siku anayobaki bandani anakula faida yako. Anamfaa mtu mwenye oda mkononi na jokofu nyuma ya nyumba. Mteja wa kijijini akitoa fedha yake, anataka kuku wa kienyeji, mwenye mifupa ya kutafuna na mchuzi wenye ladha.

Sasa twende migombani, ambako habari ni nzuri kuliko wengi wanavyodhani, na faida inakotoka si kule wanakoitafuta.

Takwimu za Wizara ya Mifugo na Uvuvi za miaka ya karibuni zinahesabu kuku zaidi ya milioni 90 nchini, na karibu nusu yao ni wa asili. Mtetea wa asili hutaga mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa mikupuo mitatu hivi ya mayai kumi hadi kumi na tano. Huatamia siku 21, kisha hulea miezi miwili au mitatu, na wakati wote huo hatagi. Kwa mwenye viwanda huyo ni kuku mvivu. Lakini anatafuta mchwa, majani, punje na makombo mwenyewe, anaangua bila umeme, analea bila mkaa, na mbolea yake anaiacha shinani mwa mgomba bila kubebwa na mtu. Gharama ya kumzalisha iko karibu na sifuri, na biashara ambayo gharama yake ni karibu sifuri ni vigumu sana kuipatia hasara.

Ila hasara ipo, na jina lake ni kideri. Ugonjwa huu ukiingia kwenye kuku wasiochanjwa unaweza kuua wanane kati ya kumi, na mara nyingine hauachi hata mmoja. Huvuma mara nyingi wakati wa kiangazi na mwanzoni mwa vuli, wiki chache kabla ya bei za Krismasi. Juu yake weka mwewe, kicheche, nguchiro na baridi, ambao kwa pamoja huondoa zaidi ya nusu ya vifaranga kabla hawajafikisha miezi miwili. Chukua kaya yenye mitetea mitano na jogoo mmoja: inaangua vifaranga 150 kwa mwaka, na Januari inapofika ina kuku walewale sita ilioanza nao, au watatu. Watu huita hali hiyo kukosa bahati ya kuku.

Dawa yake imejulikana kwa miongo. Chanjo ya I-2 ilitokana na kazi ya Peter Spradbrow na wenzake katika Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, na sasa inatengenezwa hapa nchini na Wakala wa Maabara ya Veterinari Tanzania huko Kibaha. Ubora wake mkubwa ni kuvumilia joto: ikiwa kavu inakaa wiki kadhaa nje ya jokofu bila kuharibika, jambo lenye maana kubwa kwa duka la dawa za mifugo la kijijini. Ni tone moja jichoni, kuku mkubwa kwa mdogo, kila baada ya miezi minne; wengi hushika Januari, Mei na Septemba. Dozi moja haifikii bei ya yai. Mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua huko Bariadi kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambapo ng'ombe anachanjwa kwa bei ya ruzuku na kuku wa asili bure.

Kama ni bure au karibu na bure, mbona wengi hawachanji? Tatizo lipo kwenye chupa. Inachanja kuku mia au zaidi, na ikishachanganywa na maji haikai. Mama mwenye kuku wanane hawezi kuinunua peke yake, na jirani yake mwenye kuku sita haoni sababu wakati kuku wake ni wazima. Inabidi kitongoji kizima kikubaliane siku moja, asubuhi na mapema, kabla kuku hawajafunguliwa. Kwa maoni yangu hapo ndipo serikali za vijiji zinapopimwa, kuliko kwenye semina za ujasiriamali.

Kuna ubaya mwingine ambao hautajwi sana. Kuku wa jirani wakianza kuzubaa, watu hukimbilia kuuza. Mchuuzi anakuja na baiskeli na matenga yake, ananunua kwa bei ya kutupa, anapitia nyumba nyingine, kisha gulio. Kideri kimepata usafiri. Aliyeuza ameokoa kidogo, mchuuzi amepata chake, na tarafa nzima inalipa.

Tuseme basi kaya yetu imechanja, ina banda la kulalia lililoinuliwa kutoka ardhini, na inawafunika vifaranga kwenye tenga wiki nne za kwanza. Kati ya wale 150 wakabaki mia. Hapa ndipo hesabu ya simu inapoanza kushangilia, na ndipo inapokosea tena, kwa sababu uwanja una kikomo. Mchwa na makombo ya kaya moja vinatosha kuku ishirini, labda thelathini. Wakizidi hapo wanakonda, au wanaingia shambani kwa jirani, na msimu wa kupanda maharage kuku kumi wanaweza kufukua matuta ya asubuhi moja na kuzaa kesi ya mwaka. Ukiamua kuwaongezea chakula, hata gramu 35 tu kila mmoja kwa kuku arobaini, unatumia karibu kilo moja na nusu kwa siku, zaidi ya nusu tani kwa mwaka. Pumba hizo zinatoka wapi, na zingeliwa na nani? Wenye nguruwe wanalijua swali hili.

Jibu la kibiashara ni kuuza mfululizo na kuacha kujivunia wingi: kubaki na mitetea mitano hadi kumi, na majogoo kuondoka mara wanapofikia uzito, bila kusubiri shida ya ada au hospitali iamue siku ya kuuza. Anayeuza kwa shida huuza kwa bei ya mchuuzi. Na mchuuzi hupima kwa mkono na jicho. Mizani ndogo ya kuning'iniza, wakiinunua watu kumi kwa kuchanga, ingebadilisha mazungumzo hayo kuliko mafunzo mengi.

Nani anafanya kazi hii? Mara nyingi mama na watoto. Kuku ndiyo fedha isiyoombwa ruhusa, ya daftari, chumvi na nauli ya zahanati. Ni kawaida pia kwamba kundi likikua na wanunuzi wakaanza kuja kwa gari, mauzo yanahamia kwa baba. Mipango ya kuku ya wafadhili isiyolihesabu hili huongeza kuku na kupunguza fedha ya mama.

Nafasi ninayoiona ikiwa wazi zaidi kwa kijana wa Kanazi mwenye mtaji mdogo ni ya katikati: kupokea vifaranga chotara vya siku moja, kuvilea kwa joto na chanjo zote, kisha kuviuzia kaya vikiwa na wiki sita, vimeshaota manyoya na kujua kukimbia. Mradi wa utafiti wa kuku ulioitwa ACGG, uliowahi kufanya kazi Tanzania, Ethiopia na Nigeria, ulitumia njia hiyohiyo: kaya zilipewa kuku 25 kila moja, wenye umri wa wiki sita. Mlezi wa katikati anabeba hatari kubwa na analipwa kwa hiyo hatari. Kaya inaepuka mkaa na vifo vya wiki ya kwanza.

Soko kubwa liko barabarani. Malori ya kwenda Kigali na Bujumbura yanapita wilayani humu, Rusumo na Kabanga kuna vituo vya forodha, na dereva aliyekwama kwenye foleni anakula. Ila ukubwa wa soko la Ngara una historia ya kutisha. Mwishoni mwa Aprili 1994 Wanyarwanda kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa siku moja hivi, na kambi ya wakimbizi ya Benaco ikawa mji. Chochote cha kuliwa kilipata mnunuzi. Desemba 1996 wakarudishwa kwao, na soko likaondoka nao kwa miguu ndani ya wiki chache. Leo wapo wanaojenga mabanda makubwa wakisubiri mgodi wa nikeli wa Kabanga, uliopewa leseni mwaka 2021, uanze kulisha wafanyakazi wake. Mgodi ukianza, mzabuni wake atataka trei mia kila Jumatatu, zenye mayai ya ukubwa mmoja na risiti ya EFD. Mitetea mitano ya migombani haiwezi kumpa hizo, na hata mwenye kuku mia ataanza kuzunguka kwa majirani kuazima mayai tangu wiki ya kwanza.